Marcelino Chitanda na Ubishi wa Mlango wa Uani

Tunayemsindikiza leo ni Marcelino Chitanda, mtunzi wa filamu. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 huko Lukuledi, Masasi, mtoto wa tatu wa mzee Abeli Chitanda. Alisoma shule ya misheni palepale hadi darasa la nane. Walimu walimsifu kwa mwandiko, wakamchapa kwa ubishi.

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1963, akapata ukarani kwenye ghala la nazi Kariakoo. Mwaka 1969 aliajiriwa na kampuni ya filamu, akawa anaandika hadithi na maneno ya waigizaji. Filamu zake zilizunguka na gari la sinema mpaka vijijini. Jina lake wengi hawakulijua, lakini maneno yake waliyarudia sokoni.

Mwaka 1970 alifunga ndoa kanisani na Violeth, muuza vitumbua wa mtaa wa Sikukuu. Violeth shule hakuifaidi. Kwa hiyo kila alfajiri Marcelino alimsomea alichoandika, yeye akigeuza vitumbua. Asipocheka, karatasi iliwashiwa moto.

Walichogombania hasa ni filamu ya Mlango wa Uani, ya mwaka 1976. Mwishoni mume aliyetoroka anarudi, mkewe anamwambia, "Karibu nyumbani, mume wangu."

"Mwanamke gani wa Kariakoo anaongea hivyo?" Violeth aliuliza. "Mwambie, 'Funga mlango, nzi wanaingia.'"

Marcelino alikataa katakata. Waliendelea kubishana hata alipostaafu akawa anauza viatu vya mitumba Mchikichini.

Februari 2024 kiharusi kilimlaza, ulimi ukafungwa. Hapo roho za watu zikawa juu, maana hakuwa amesema azikwe wapi. Mdogo wake, Filbert, alitaka Masasi, walikolala wazee wao. Violeth alisema kaburi asiloweza kulifikia kwa bajaji yeye halitaki. Ikafika mahali hata simu hawapigiani.

Pasaka ya mwaka huu Filbert alikuja kumwona kaka yake. Bryson, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa ameitafuta filamu ile mpaka akaipata, akaiweka kwenye televisheni. Ilipofika mwisho sauti ikakatika. Yule mama kwenye picha anafungua mdomo, hasikiki. Violeth akamsemea: "Funga mlango, nzi wanaingia."

"Siyo hivyo!"

Wote wakageuka. Alikuwa Marcelino, sauti inakwaruza kama bawaba. "Karibu nyumbani!"

Violeth hakungoja. "Kumbe ulimi upo, Baba Bryson! Haya, sema mbele ya shemeji. Tukuzike wapi?"

"Hapa hapa. Masasi nani atanibishia?"

Filbert alicheka mpaka akafuta machozi. "Yameisha, shemeji," akasema. Violeth akaketi, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana mwaka mzima.

Marcelino alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, asubuhi, nyumbani kwake, bila kuhangaika. Mateso yamekwisha, na ugomvi wa kaburi umekwisha. Leo makaburi ya Kinondoni tunaenda wote, na mbele ya jeneza yupo Filbert.

Ameacha mjane, Violeth, watoto watatu, Bryson, Levina na Gaudensia, wajukuu saba, na mdogo wake, Filbert. Apumzike kwa amani. Mjane wake bado anasema ni "funga mlango", na hayo watayamaliza wakikutana.