Jamaldine Cassamo na Ini la Márcia

Marehemu Jamaldine Cassamo, tunayemsindikiza leo hapa Palma, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kando ya ghuba ya Tungue. Jina alipewa na mjomba wake Mashaka, ambaye ndiye aliyeombwa kuandika maneno haya, maana katika ukoo mzima hakuna mwenye mwandiko mzuri kama wake.

Alisoma Palma mpaka darasa la saba, mwaka 1986. Hapo alimpita mjomba wake aliyeishia la nne, na mjomba alinuna mwaka mzima.

Mwaka 1995 alikwenda mbali, mjini Nampula, kutafuta kazi, na mwaka 2013 akaajiriwa kwenye maabara moja kutunza panya weupe. Panya hao walilishwa vyakula vya mafuta hadi maini yao yakajaa mafuta. Kisha nusu yao walipewa virutubisho, unga wa bizari ya manjano na vitamini, na nusu wakaachwa hivyo hivyo, ili ijulikane kama mafuta ya ini yatapungua. Kila panya alikuwa na namba, lakini Jamaldine kwa huruma zake akawapa majina. Miaka ya baadaye, jike mmoja mnene, asiyekubali kushikwa na mtu mwingine, alimwita Márcia.

Tarehe 9 Septemba 2000 alikuwa amemwoa Siwema binti Yusufu, kule Mocímboa da Praia, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotokea Mtwara. Siwema alibaki Palma na watoto, akijua mumewe anatunza panya, asijue kwamba wana majina. Wivu wake mnaujua: hata redio aliizima akiimba mwanamke, mumewe akiwa chumbani.

Sasa, Februari 2021, dada wa marehemu, Zainabo, alikuwa anaolewa. Jamaldine akapiga simu.

"Siwema, harusini sitaweza kuja. Márcia hataki kulishwa na mtu mwingine, na ini lake ndiyo kwanza limejaa."

Simu ikakatika. Jamani, kwetu sisi mpenzi ndiye nyonga mkalia ini. Mwanamume akitaja ini la mwanamke, haongei habari za bucha. Siwema alifika kwa Mjomba Mashaka kilemba cha kanga kimemlegea kichwani.

"Mjomba, mwanao ana mwanamke Nampula. Anamlisha kwa mkono!"

"Mnene?"

"Sijui. Anasema ini limemjaa."

"Basi huyo ameshiba mapenzi," akasema mjomba. Ulikuwa utani tu, ila Siwema aliondoka bila kuaga.

Mwezi uliofuata vita vikaingia Palma, watu wakatawanyika. Siwema na watoto walijibanza kijiji cha jirani, Quitunda, kisha wakasafiri hadi Nampula. Alipomwona mumewe hakuomba maji wala mkeka.

"Nipeleke kwa Márcia. Akinishinda uzuri, niandikie talaka yangu."

Jamaldine akampeleka mpaka mbele ya kizimba. Panya akasogea kunusa kidole cha bwana wake.

"Huyu?"

"Huyu."

"Ana mkia."

"Anao."

Doutora Neusa, mkuu wa maabara, alicheka mpaka akavua miwani. Siwema hakucheka.

"Mkia usiwe kisingizio. Huyu unamlisha wewe. Mimi, tangu unioe, najipakulia mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kila walipokaa kula pamoja, tonge la kwanza Jamaldine alimtilia mkewe mdomoni, hata mbele ya wageni, hata mbele ya mjomba aliyekuwa akitazama pembeni kwa kijicho.

Mwaka 2023 walirudi nyumbani, na mwaka uliofuata tumbo likaanza kumvimba Jamaldine. Hospitali ya Pemba, Pemba yetu ya bara, si ya kisiwani, wakasema ini lake mwenyewe limejaa mafuta na limekuwa gumu.

"Panya wako walipimwa damu kila wiki," Siwema akasema. "Wewe nani alikupima? Mwambie doutora alete ule unga."

Jamaldine akapiga simu. Doutora Neusa alieleza kwa upole: kweli, maini ya panya waliopewa unga yalipungua mafuta, lakini panya ni panya, kwa watu haujathibitishwa, wafuate ya hospitali.

"Kumbe hata dawa ni ya Márcia peke yake," Siwema akasema, akageukia ukutani.

Alimuuguza bila kumwachia mtu zamu. Jamaldine alifariki jana baada ya alasiri, tarehe 8 Novemba 2025, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe.

Asubuhi ya leo wazee walipokuja kumwosha, Siwema alisimama mlangoni.

"Nimemgawana na Nampula, nimemgawana na panya, nimemgawana na hospitali. Leo sigawani na mtu."

Shehe akasema dini inamruhusu mke kumwosha mumewe. Akaingia, akamwosha mwenyewe, taratibu, akimsemesha. Mjomba Mashaka, fundi wa kila kitu, alipewa kazi ya kupitisha ndoo za maji chini ya pazia, na akaambiwa asichungulie.

Marehemu ameacha mjane, Siwema. Watoto wawili, Anuar na Hafsa. Dada yake Zainabo. Na mjomba wake.

Mwenyezi Mungu ampokee na ampumzishe kwa amani Jamaldine Cassamo, mume wa Siwema peke yake.