Nezu Katsunari na Daruma wa Jicho Moja

Marehemu Nezu Katsunari alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 mjini Kiryu, mkoani Gunma, mtoto wa kwanza wa mfumaji wa mikanda ya kimono, mzee Nezu Tamekichi, na mkewe Hatsue. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mama yake alisema mpaka anazeeka kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Katsunari kuwahi kitu. Mdogo wake Morio, anayewasomea wasifu huu, alizaliwa miaka minne baadaye, akakua akiona godoro la kaka yake likihamishwa kutoka pembe hii ya chumba hadi ile.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kiryu, kisha shule ya ufundi, akahitimu Machi 1975. Mikono alikuwa nayo. Kutulia ndiko kulikomshinda. Katika mtihani wa uchoraji alifuta na kuchora, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka, akaipeleka hivyo hivyo.

"Nezu, hapa penye tundu pana nini?" mwalimu akamuuliza.

"Hapo, mwalimu, ndipo patakapokuwa pazuri zaidi."

Aprili mwaka huo aliajiriwa katika karakana ya kunyoosha bodi za magari mjini Ota, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2017. Kwa magari ya watu alikuwa moto wa kuotea mbali. Kijana akija hajui afunge bampa gani wala ringi za upana gani, Katsunari alilizunguka gari mara moja tu. "Bampa hiyo iko chini mno, utaiacha kwenye mlango wa duka la kwanza. Chukua hii. Na ringi zile. Haya, nenda kanywe chai." Gari lilitoka limependeza, tena kwa wakati. Lake mwenyewe ndilo halikutoka.

Hilo ni Celica ya mwaka 1973, aliyoiokota kwenye uwanja wa vyuma chakavu mwaka 1984. Wapenzi wa magari wameipa jina la Daruma, kwa mashavu yake yaliyovimba kama ya yule mwanasesere mwekundu wa karatasi tunayemnunua kila mwaka mpya: unaweka nadhiri, unampaka jicho moja, na la pili linasubiri nadhiri itimie.

Tarehe 12 Oktoba 1985 alifunga ndoa na Sayoko, binti wa mwoka mikate wa Numata. Siku ya kumposa alimpeleka kuliona gari, wakati huo halina hata kioo cha mbele. "Likikamilika," akamwambia, "nitakupeleka Niigata ukaione bahari." Sayoko, aliyekulia milimani, alivikubali vyote viwili, mwanamume na bahari. Januari iliyofuata walimnunua Daruma sokoni Takasaki, wakampaka jicho moja, wakamweka juu ya kabati la jikoni. Mwaka 1988 walijaliwa binti, Minori.

Hapo mahangaiko yalikuwa yameshaanza. Katsunari alichukua uzi wa hariri kwenye mtambo wa baba yake, akaufunga nati mwishoni, akawa anauning'iniza kutoka ukingo wa madigadi kupima kama ringi imekaa sawa nayo. Ringi ikitokeza nje, gari halipiti ukaguzi; ikizama ndani, Katsunari hapati usingizi. Akanunua ringi pana, zikatokeza. Akayapanua madigadi, ringi zikaonekana zimezama. Madigadi mapana yakaifanya bampa ionekane imekonda, akabadilisha bampa. Bampa mpya ikadai sketi za ubavuni, yale mabamba ya chini ya milango, zishuke, na sketi ziliposhuka, ringi zikawa hazifai tena. Rangi hakupaka hata mara moja, kwa sababu rangi ni neno la mwisho. Gari lilibaki na kijivu cha rangi ya msingi, na Sayoko akaendelea kuiona bahari kwenye televisheni.

"Baba Minori," alimwambia siku moja akimpelekea chai gereji, "mimi Niigata nitafika nikisukumwa kwenye kiti."

"Vumilia kidogo, mke wangu. Zimebaki ringi tu."

"Ringi tu! Ulisema hivyo Minori hajaota meno. Leo ana mume!"

Katsunari alicheka, akainamia uzi wake. Sayoko hakucheka. Alimpenda mumewe na aliuchukia ule uzi, na hilo ameomba mwenyewe lisemwe leo.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hata kitandani hakutulia; alimwagiza Minori picha za ringi, akachagua asubuhi, akakataa jioni. Sayoko alimwona anavyokonda na bahari iko pale pale, uvumilivu ukamwishia. Yeye na Minori walizitoa nyuma ya gereji ringi za chuma ambazo gari lilitoka nazo kiwandani, wakazifunga, wakalikokota gari hadi karakana ya Ota. Wenzake wa zamani walilirudishia bampa yake ya kwanza, wakalipitisha kwenye ukaguzi. Tarehe 23 Septemba Sayoko alilisimamisha mlangoni, linaunguruma.

"Panda, Baba Minori."

"Na ringi hizo? Watu wataniona!"

"Watakuona na mkeo. Panda."

Walifika Niigata mchana. Sayoko alivua viatu akaingia majini, akalia kwa furaha na kwa hasira ya miaka yote ile. Alipogeuka, mumewe alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu.

"Mama Minori! Zimezama vidole viwili!"

"Na mimi nimezama mpaka magoti! Njoo!"

Aliuacha uzi juu ya boneti, akaenda.

Kesho yake Sayoko alimshusha Daruma kutoka juu ya kabati, akaleta brashi na wino. Katsunari aliishika brashi kwa muda, kisha akaiweka chini. "Tulisema likikamilika," alisema. "Nipe siku mbili tatu." Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Asubuhi hii, tulipokuwa tukimlaza kwenye jeneza, Morio alitaka kumpaka Daruma jicho la pili kabla ya kumweka kifuani pa kaka yake. Sayoko alimdaka mkono.

"Shemeji, acha. Ukimmalizia, huko aendako atahangaika na nini?"

Basi Daruma anakwenda na jicho lake moja. Uzi uko mkononi mwa marehemu. Nati imebaki, kwa kuwa mwili utachomwa, na chuma hakiruhusiwi kuingia kwenye tanuri.

Ameacha mjane, Sayoko. Binti, Minori, na mumewe Teruhisa. Mdogo wake, Morio. Na gari moja la kijivu, ambalo Sayoko ameshasema atakwenda nalo baharini kila Septemba.

Pumzika, kaka. Ringi zimekaa sawa.