Marehemu Asiyeliliwa

Basi lilipotoka Iringa kwenda Mbeya, Lusia alijifanya amelala ili awasikie vizuri wawili wa kiti cha mbele. Kijana mmoja mwenye tai, karani kwa sura yake, alikuwa akimsimulia mama wa makamo sinema ya Kizungu aliyoiona juzi, Jumamosi. Tajiri amechomwa kisu nyumbani kwake, na mpelelezi amewakusanya ndugu sebuleni awahoji.

"Nao wanafanya nini?" mama akauliza.

"Wanakunywa chai."

"Maiti ikiwa ndani?"

"Ndiyo, mama. Muuaji hajulikani mpaka mwisho."

"Kwa nini mpaka mwisho, mwanangu? Nani hakulia?"

Karani akafikiri. "Hakuna aliyelia."

"Nani hakwenda kuzika?"

"Maziko hayakuonyeshwa."

"Basi wamemuua wote." Mama akatoa karanga, akaanza kumenya. Lusia aliona huyu angemkosesha kazi mpelelezi.

Karani akacheka kidogo, akasema Wazungu hutafuta ushahidi. Mtu hahukumiwi kwa machozi. Mama akasema kwao huhukumiwa. Walibishana hivyo mpaka Nyololo, basi liliposimama.

Karani akashuka. Mzee mmoja, kichwa kimetoka kunyolewa, alikuwa akimngoja kando ya barabara. Hakumpa mkono.

"Mjumbe alikuletea habari za msiba Ijumaa," alisema. "Baba yako mdogo tumemzika jana."

Mama aliyasikia hayo dirishani, akaacha kumenya. Basi likaondoka. Muuaji wa kwenye sinema hakuwa ametajwa, wala hakuna aliyemuulizia.