Mama Enhe, Masikio ya Mji Wetu

Jambo la kwanza ambalo mjukuu wake mkubwa, anayeusoma wasifu huu, aliliona kwa marehemu ni hereni. Alivaa moja tu, sikio la kushoto. Mtoto alipouliza nyingine imekwenda wapi, bibi alicheka: "Sikio la kulia ni la kazi, mama. Halipambwi." Kisha akaliinamisha sikio hilo, akanyamaza, na mtoto akajikuta anasimulia yote aliyoyaficha tangu asubuhi, pamoja na kikombe alichokivunja na kukifukia nyuma ya nyumba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka, mtoto wa nne wa mpagazi wa ghala hilo na mkewe mshonaji. Alilala upande wa ukutani, na ukuta ulikuwa mwembamba. Alijua majirani waliogombana na waliopatana, na hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu ana masikio ya sungura na mdomo wa samaki."

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akaingia sekondari mwaka 1967, na akaacha alipomaliza kidato cha pili, baba yake alipovunjika mgongo kazini. Mwalimu wake wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti: "Husikiliza mno. Ajifunze kusema." Hakujifunza.

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa posta kuwa opereta wa simu. Wakati ule simu zote za mji zilipita kwenye ubao wa nyaya, na opereta, kisikilizio kikiwa sikioni, ndiye aliyechomeka waya wa anayepiga kwa anayepigiwa. Alikula kiapo kwamba atakachokisikia hakitatoka mlangoni, akakitunza kama mboni ya jicho. Waliombembeleza walikuwa wengi. Shangazi wa msichana mmoja aliyeposwa alimkamata mkono sokoni: "Niambie tu mwenzangu, yule bwana anaoa au haoi?" Marehemu akazitazama nyanya zake. "Hizi mbili zimeoza, dada. Zirudishe."

Kijana mmoja, fundi baiskeli, alikuwa akienda kupiga simu kwenye duka la dawa jirani na karakana yake, na kila mara aliomba namba isiyokuwepo.

"Namba hiyo haipo, kaka."

"Basi nipe iliyo karibu nayo."

"Iliyo karibu nayo ni ya polisi."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1974. Hadi mwisho yeye alimwita Fundi, naye Fundi akamwita Mama Enhe, kwa kuwa "enhe" ndilo neno alilolitumia kuliko mengine yote. Mungu aliwajalia binti wawili na, katikati yao, mtoto wa kiume.

Mtoto wa kiume alifariki tarehe 9 Juni 1983, akiwa na miaka mitano, kwa homa ya uti wa mgongo. Shangazi yake ndiye aliyekuwa kitandani pake hospitalini. Mama alikuwa zamu, baba alikuwa karakana. Hospitali ilipiga simu duka la dawa, na baba akaitwa kupokea. Jioni alimsubiri mkewe mlangoni, akamwambia kwamba mtoto hayupo tena. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Enhe." Akaingia jikoni kuwasha moto.

Hawakulizungumza tena. Fundi alijifunza kuishi na neno lile kama mtu anavyoishi na mwiba uliozama: hauonekani, ila akikanyaga tu anaukumbuka.

Mwaka 1993 ilikuja mitambo isiyohitaji opereta, ubao ukang'olewa, na marehemu akastaafishwa. Chumba cha simu kilibaki kitupu. Miaka miwili baadaye alikwenda kuuomba ufunguo wake. Mkuu wa posta alitaka kujua wa kazi gani. "Watu wa mji huu walizoea kuongea na mtu," akamjibu. "Sasa wanaongea na mlio."

Hivyo ndivyo Tamasha la Hadithi lilivyoanza, Desemba 1995, kwa mabenchi manne. Kanuni zake alizitunga yeye. Msimuliaji hukaa kwenye kiti, na mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, mwitikiaji hukaa kwenye kigoda. Msimuliaji akisema "Paukwa", mwitikiaji hujibu "Pakawa", na kila hadithi inapovuta pumzi husema "Enhe". Mwitikiaji akinyamaza, hadithi husimama hapo hapo. Kigoda kilikuwa chake. Waoga walisimulia mbele yake kama maji ya mfereji. Yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia kiti.

Fundi alisimulia hadithi ile ile kila mwaka, ya fisi aliyepanda baiskeli akiangalia nyuma mpaka akaanguka mtaroni. Binti zake walimtania: "Baba, huyu fisi hachoki kuanguka?" Naye: "Mtaro haujajaa." Na marehemu aliitikia kila mwaka kana kwamba hajui kuna mtaro.

Sikio la kulia lilianza kufa, la kushoto likafuata. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Alitazama midomo, na hadithi nyingi alikwisha kuzijua kwa moyo.

Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023, Fundi alikalia kiti na watu wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Lakini siku hiyo alimwacha fisi nyumbani. Akiwa ameinamisha kidevu, sauti chini, alisimulia habari za mwanawe: simu ya duka la dawa, mlango, jioni ile. Marehemu hakuiona midomo yake. Aliitikia kwa mazoea, enhe, enhe. Fundi alipofika kwenye kifo alishindwa, akanyamaza. Na kila mwaka, Fundi akitulia hivyo, ndipo fisi huanguka. Marehemu akapiga paja, akacheka kwa sauti: "Kaanguka tena!"

Hakuna aliyecheka naye. Akageuka, akaziona nyuso.

Nyumbani Fundi alilazimika kuisimulia upya, kwa kelele, karibu na sikio, mtaa mzima ukisikia. "Nilikuambia mtoto amekufa, ukasema enhe! Miaka yote hii najiuliza, mwanamke huyu ana moyo gani!"

Marehemu alimtazama mdomo mpaka ukafungika. Kisha akasema, "Fundi, ile simu niliiunganisha mimi."

Fundi alikuwa ameamini siku zote kwamba ilipita kwa opereta mwenzake. Akamtaka aeleze. Alisikia nini? Alikaaje kwenye ubao mpaka zamu ikaisha? Alimwachaje aseme mlangoni jambo alilokwisha kulijua?

"Nikiimwaga hadithi hiyo jikoni itatoka vipande," akasema. "Mwakani nitakaa kitini. Wewe utakaa kigodani uniitikie."

Tangu hapo Fundi alimuuliza kila walipokunywa chai, akijaribu njia ya pembeni. "Angalau mwanzo." Naye alimwekea sukari na kumwambia, "Jumamosi ya tamasha." Tangazo lilibandikwa Oktoba mpaka kwenye mlango wa karakana: Mama Enhe atasimulia, kwa mara ya kwanza.

Jumatatu hii, tarehe 2 Desemba 2024, asubuhi, alipata kiharusi akiwa anakunja nguo, akafikishwa hospitali ya wilaya, na akafariki saa kumi jioni bila kusema tena. Fundi alikuwa amemshika mkono, mdomo wake ukiwa kwenye sikio la kulia la mkewe. Muuguzi alimwambia kwa upole, "Mzee, hakusikii." Akajibu, "Najua. Nangojea yeye aseme."

Marehemu ameacha mume, binti wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Ametanguliwa na mwanawe.

Jana katibu wa tamasha alikuja kuuliza kama matangazo yaondolewe. Fundi alikataa. Ameagiza kiti kiwekwe mahali pake, na kigoda mbele yake. Mjukuu akamuuliza, "Sasa babu, nani atasimulia?"

"Sijui," alisema. "Mimi niliambiwa niitikie."

Alale salama aliyetusikiliza sote. Keshokutwa Jumamosi, saa tisa alasiri, chumba cha simu kitakuwa wazi.