Lori Lisilotaka Kwenda Ukweni

Penye njia panda ya Nyakahanga, barabara ya Kyaka inapoachana na ile ya misheni, palikuwa na gogo la mti wa musizi lililosuguliwa na makalio ya watu wasio na haraka mpaka likang'aa. Hapo ndipo mambo ya dunia yalipoamuliwa, miaka ile michache baada ya vita. Kahawa ya kwetu haikunywewa pale, ilitafunwa: Ma Komujuni aliichemsha na majani ya harufu, akaianika, akaileta kwenye kikapu, na aliyetaka kusema kitu alitia punje mdomoni kwanza. Jumamosi hiyo kesi ilikuwa moja. Lori la Rwezaura lilisimama ng'ambo ya barabara, boneti juu, likifuka mvuke, na Rwezaura mwenyewe alikaa mwisho wa gogo amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Lilikuwa shati la ukweni. Alitoka alfajiri kwenda Muleba kumchukua mkewe, Eugenia, na umande haujakauka akawa amerudi.

— Limemwaga maji wapi leo? aliuliza Cassian. Huyu walimwita Bama, kwa kuwa vita vilimfikisha Burma, na hata ambaye hakuuliza habari za Burma alisimuliwa.

— Kilimani, ukishaipita Ihanda. Palepale pa siku zote.

— Na Jumatano ulipopeleka kahawa Kyaka?

— Kilima kilekile, na magunia juu. Halikumwaga hata tone.

— Basi ni kifuniko cha rejeta. Kule Burma lori likiogopa, kifuniko kinalegea.

— Linaogopa nini, Bama? Huku kuna Wajapani?

— Kuna wakwe.

Walicheka. Rwezaura naye alicheka, kwa adabu, akitazama barabara. Baba yake Eugenia alipofariki, kabla ya mavuno ya kahawa, lori lilikuwa kazini Kyaka. Eugenia alitangulia kwenda kuzika. Rwezaura akaahidi kumfuata na lori, na ndizi za matanga nyuma. Alifuata kweli, rejeta ikakauka kilimani, akageuza. Matanga yakaisha. Tangu hapo, kila Jumamosi tajiri wake alipompa ruhusa ya kwenda na lori, alivaa shati lile, na kila Jumamosi alirudi nalo likiwa na matone ya kutu kifuani. Mwuza chumvi mmoja alimletea salamu: "Mkeo anasema anakungoja. Anasema pia kwamba kungoja nako ni kazi."

— Umelikagua lakini? aliuliza Protase. Huyu walimwita Karani, kwani zamani alibeba viti kwenye baraza la mtemi, na viti vilimwachia lugha. — Wahenga wameandika wazi: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nimeinama mpaka mgongo umeota kutu. Mipira ya maji nimeibonyeza mmoja mmoja. Pampu nimeifungua. Nilitandika majani makavu ya mgomba chini yake usiku kucha, nikaamka nayo makavu vilevile. Likisimama halivuji, likienda kazini halivuji. Nikilielekeza Muleba tu, linatokwa.

— Basi mimi naona jambo la kisheria. Lori hili liliandikishwa kwa kahawa. Kwa habari ya ndoa halina kibali, na lenyewe linajua.

— Karani, chuma kinajua kusoma?

— Chuma kimekaa na Wazungu kuliko wewe.

Mzee Ndyamukama, mfugaji, aliyeitwa Pembe, alikuwa ameegemea fimbo yake muda wote akiwasikiliza kwa huruma ya mtu ambaye mali yake ina miguu minne.

— Ninyi mnaongea juu ya sufuria, alisema. — Mimi nitawaambia. Ng'ombe aliyefiwa na ndama hukataa kushusha maziwa. Unakamua, huoni kitu. Mletee ngozi ya ndama wake ainuse, utatafuta chombo. Lori lako linazuia siku zote za kazi. Siku moja tu linashusha. Njia ile kuna kitu linakinusa.

— Kwa hiyo lina ndama Muleba, Tata? aliuliza Rwezaura, kama mtu anayemuuliza baba yake.

— Mimi sikusema. Wewe ndiye dereva, wewe ndiye ulikuwa unalala nalo Kyaka.

Kicheko kilimtoa Ma Komujuni machozi. Lakini Rwezaura hakucheka tena. Ile habari ya kunusa ilimkalia vibaya. Nyumbani, kanga moja ya Eugenia ilibaki kwenye kamba ndani, na alikuwa ameacha kuifua kwa sababu ambayo asingeitaja penye gogo lile. Eugenia alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kucheka, kama mtu anayebisha hodi. Siku hizi injini ikipoa ilitoa mlio wa namna hiyo, na yeye aliinua kichwa kila mara, kama mjinga.

— Sasa nisikilizeni, Cassian alisema, akashusha sauti. — Mnazunguka bure. Maji yananywewa.

— Na nani?

— Na marehemu. Baba mkwe alizikwa mkwewe hayupo. Ana kiu. Lori likielekea kwake, anakunywa.

Hata Karani alitoa punje mdomoni.

— Acheni kumsingizia mzee wa watu, Ma Komujuni alisema. — Nilimjua. Maji hakuyanywa hata alipokuwa hai.

— Basi anakunywa rubisi ya ndizi, alisema Pembe. — Na kwa rubisi, lori la huyu ndipo mahali pake. Juzi linapita karibu na zizi langu, ndama waligeuza shingo. Linanuka pombe.

— Nani amelinywesha pombe?

— Hakuna aliyelinywesha, alisema Rwezaura. — Ni debe tu. Siku za kazi nachota maji kijitoni kwa debe la Bama.

— Debe langu lipi? aliuliza Cassian.

— Lile linalokaa chini ya mtumbwi wako wa kukamulia ndizi.

— Lile la machicha? Lile sijaliosha tangu nirudi kutoka Burma. Lina nyasi za kukamulia, lina maganda, lina kila kitu.

— Najua. Ndiyo maana leo sikulitumia. Nilikwenda kukinga kwenye tangi la misheni, maji ya mvua, na debe jipya. Na rejeta niliisuuza kwanza mpaka maji yakatoka meupe. Kila nikienda Muleba nafanya hivyo. Siwezi kufika kwa wakwe na uchafu.

Cassian aliinuka, akavuka barabara, akalala chini ya lori na suruali yake safi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, kwenye kidole alibeba uzi wa jani, mwembamba, mweusi kwa kupikwa.

— Kuna ufa tumboni mwa rejeta, chini kabisa, hauingizi hata ukucha. Chuma kikipata moto mlimani unafunguka, kikipoa unajifunga. Siku za kazi unazibwa na haya machicha yangu. Jumamosi unayasuuza mwenyewe, mwana wetu, halafu unashangaa.

Rwezaura aliupokea ule uzi, akautazama. Miezi yote ile alikuwa akiosha kizibo.

Furaha ilikuwa kubwa, na kama kawaida ya furaha ilikuwa na wenyewe wengi. Karani alikumbusha kwamba alisema ainame. Pembe alisema pua za ndama wake ndizo zilizogundua, na kama ni shukrani zipelekwe zizini. Cassian alidai rubisi yake ndiyo ilibeba kahawa yote ya Karagwe hadi Kyaka, na serikali haijui. Wakala kahawa mpaka kikapu kikaonyesha sakafu yake.

— Basi tumemaliza, alisema Karani. — Unakwenda lini?

Rwezaura alipangusa mikono polepole.

— Leo jua limeshapanda. Na shati limeingia kutu. Nikiondoka sasa nitafika kesho, siku ya ibada, watu wako kanisani. Nafikiri Jumamosi ijayo. Au baada ya mvua hizi, maana rejeta nayo ingefaa ipelekwe kwa fundi wa kuchomelea.

— Umesema vizuri. Haraka haraka haina baraka.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, Cassian aliunga.

Methali za Nyakahanga hazijawahi kumnyima mtu ruhusa ya kukaa.

Ndipo alipofika mwanamke kijana kutoka njia ya Kyerwa, mtoto mgongoni, furushi kichwani, miguu myekundu kwa vumbi mpaka magotini.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi? aliuliza Ma Komujuni, akimpa punje za mwisho mwisho.

— Nyakatuntu. Naitwa Kyarimpa. Nakwenda Kyaka, mama yangu hajamwona huyu. Alimsogeza mtoto mgongoni. — Lori hili linakwenda?

Walimweleza, wote kwa pamoja. Habari ya kifuniko, ya kibali, ya ndama, ya marehemu, ya debe. Walimweleza jinsi mwenzao alivyohangaika kumfuata mke Muleba tangu kabla ya mavuno, na jinsi ufa mdogo kuliko ukucha ulivyotenganisha watu wawili wanaopendana. Cassian alisimulia sehemu hiyo vizuri sana. Kyarimpa alisikiliza akitafuna, akitazama lori, akitazama shati.

— Poleni, alisema. — Na huyo mke mwenyewe, yeye alikwenda Muleba na gari gani?

Alikuwa anauliza tu. Pengine alifikiri lipo gari jingine, ambalo naye angelipata.

Pembe alichora kitu ardhini kwa fimbo. Cassian, aliyekuwa na jibu hata la mambo ya Japani, alimtazama Rwezaura, na Rwezaura aliitazama barabara.

Aliijua barabara ile kwa namna lori lilivyochoka: hapa gia ya pili, hapa ya kwanza, hapa kanyaga breki. Hakuwahi kuijua kwa miguu. Alijaribu kumwona Eugenia akitembea kilimani baada ya Ihanda, amebeba msiba wake na chakula cha njiani, na hakuweza kujua kama alipumzika juu au chini. Hakujua alilala kwa nani. Huenda walipishana. Siku zile alipita mle mara nyingi na magunia, akipiga honi watembea kwa miguu wapishe, na wanawake waliojifunika nyuso kwa vumbi walikuwa wengi.

Hakuwahi kumuuliza. Hata kupitia kwa mwuza chumvi hakumuuliza.

Kikapu kilikuwa kitupu. Ma Komujuni alikikung'uta majani, akaanza kufunga vitu vyake bila kumtazama mtu.

Rwezaura aliinuka. Alikwenda nyuma ya nyumba ya Cassian, akarudi na debe la machicha likiwa limejaa, akalimimina kwenye rejeta taratibu, na shati jeupe likapokea sehemu yake. Akateremsha boneti. Kisha akachukua furushi la Kyarimpa, akaliweka kwenye kiti cha mbele.

— Panda, shemeji. Kyaka ni njiani kwenda Muleba.

Kyarimpa hakupanda mara moja. Aliinama akatazama chini ya lori, kama walivyofanya wote.

— Na likivuja?

— Tutatembea, alisema Rwezaura, akashika hendeli ya kuzungushia injini.