Pikipiki ya Shemeji Inatikisa Kichwa

Benchi letu liko kati ya mlango wa gereji ya Fundi Grisi na mlango wa karakana yangu ya useremala, na niseme mapema kabisa kwamba benchi hilo ni kazi ya mikono yangu. Nimelichonga mimi, nimelipiga msasa mimi, na likiharibika nalitengeneza mimi bila kungoja kuombwa. Ndiyo maana wananiita Randa. Kahawa anapika Fundi Grisi kwenye jiko lake karibu na betri mbovu, kwa hiyo ina kaharufu ka dizeli ambako tumeshakazoea. Jumatatu hiyo, saa nane mchana, tulikuwa watano: mimi, Fundi, mwalimu mstaafu wa hesabu tunayemwita Rula, mpakuzi wa mizigo tunayemwita Tani Moja, na Shemeji. Shemeji ni mume wa mdogo wangu, lakini mtaa mzima unamwita Shemeji, hata wasiokuwa na dada. Mbele yetu ilisimama pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake, ya zamani, yenye tangi la mviringo, nayo saa kumi mtu alikuwa anakuja kuinunua.

Ijumaa iliyopita, kwenye mteremko wa tangi la maji, ile pikipiki ilianza kutikisa kichwa. Usukani ulikwenda kushoto na kulia, haraka haraka, mpaka Shemeji akashindwa kuushika, wakaishia kwenye majani kando ya barabara, yeye na mdogo wangu aliyekuwa amepakiwa nyuma. Mdogo wangu ni muuguzi na si mtu wa kelele. Alijifunga kiwiko mwenyewe, akamwambia mumewe kwamba chuma hicho kiondoke nyumbani kabla ya Jumatatu jioni. Shemeji hakubisha. Lakini tangu asubuhi alikuwa ameshika kitambaa, anafuta tangi ambalo lilishang'aa zamani.

— Kinachotakiwa hapa ni shokapu ya usukani, Fundi Grisi alisema huku akimimina kahawa. Kidude kidogo tu, urefu wa kiganja. Upande mmoja kinashika fremu, upande wa pili kinashika usukani. Usukani ukitaka kucheza, kinaukatalia. Pikipiki kubwa za siku hizi zinatoka nacho kiwandani.

— Za siku hizi, Rula alisema. Hii ilitoka kiwandani mimi nikiwa darasa la tatu. Waliokaa chini na kalamu wakaichora hawakuona haja.

— Walikuwa hawakimbizi.

— Kwani Shemeji anakimbiza? Juzi kapitwa na mkokoteni.

— Ule mkokoteni ulikuwa unateremka, Shemeji alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu kidogo.

Mimi nilikumbuka kitu, nikaonyesha kwa kidole.

— Si ina ule mkono wa kukazia, hapo juu katikati ya usukani? Kazi yake si ndiyo hiyo hiyo?

— Nimeukaza, shemeji yangu, Shemeji alinijibu. Nikiulegeza, inatikisa kichwa. Nikiukaza mpaka mwisho haitikisi, lakini inapepesuka kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kona naikata mara tatu.

— Mnaona sasa? Fundi alidakia. Huo wa zamani unasugua tu, chuma kwa chuma. Shokapu ina mafuta ndani. Nipeni saa moja. Lile gari lililogongwa pale nyuma lina zile fimbo mbili zinazoinua buti. Natoa moja, nafunga hapa mbele.

— Buti ya gari! alisema Tani Moja. Halafu Shemeji akifika kona, usukani unafunguka kwenda juu.

Tulicheka. Rula hakucheka, alikuwa ameshatoa chaki mfukoni. Amestaafu miaka tisa, lakini chaki haimwishii. Akachora mstari kwenye ukuta wa gereji.

— Nyie mnahangaika na vyuma. Tatizo ni uzito. Shemeji, mfuko wa kushoto una nini?

— Simu, funguo, na miwani ya marehemu baba.

— Na wa kulia?

— Leso.

— Mmesikia? Huyu mtu ameelemea kushoto tangu mwaka jana! Kwa hesabu yangu, mkewe inabidi akae amesogea kulia inchi mbili na robo, ashike kilo moja na nusu ya sukari.

— Sukari au chumvi? Fundi aliuliza.

— Uzito ni uzito.

— Mwalimu, kwa heshima yako, acha zako, Tani Moja alisema, na alipogeuka nilisikiliza benchi langu. Halikulia hata kidogo. Wiki tatu zilizopita alilivunja mguu kwa kukaa tu; nikalitengeneza nusu saa hiyo hiyo, na tangu hapo lilikuwa halitikisiki kama limepandwa ardhini. Nyie hamjui, Tani Moja aliendelea. Hii pikipiki ina msiba. Marehemu alikuwa anaisemesha kila asubuhi kabla ya kupiga kiki. Mimi nilikuwa napita na mizigo yangu, namsikia kwa masikio yangu.

— Alikuwa anaiambia, twende mama, Shemeji alisema taratibu.

— Haya! Sasa wewe unaipanda kimya kimya kama umeiiba. Itakosaje kutikisa kichwa? Inakataa!

— Kwa hiyo dawa yake?

— Isemeshwe. Ikigoma, nikae mimi juu ya tangi. Nikishakalia kitu mimi, kinatulia.

— Tunakujua, nilimwambia. Na mimi niwape ya kwangu, ya mtu mwenye fani. Shokapu ya mbao.

Walinitazama wote. Nilipenda walivyonitazama.

— Vipande viwili vya mbao ngumu, nilisema, katikati soli ya kiatu, vinabana usukani kwa parafujo mbili. Mbao haitikisiki. Huu mguu wa benchi nani ameusikia ukilia tangu niushike?

Hakuna aliyebisha, nami nikazidi kuvimba kichwa. Ilipofika saa tisa kasoro tulikuwa tumeshaafikiana: fimbo ya buti ya Fundi, juu yake mbao zangu, kilo ya Rula upande wa kulia, na Tani Moja ataisemesha. Fundi alikuwa ameshachukua spana.

Ndipo alipotokea mdogo wangu. Hajawahi kuja kijiweni kwetu hata siku moja. Husema akitaka kusikia wagonjwa wakijitibu wenyewe anawapata wa kutosha kazini. Alikuwa bado na sare nyeupe, kiwiko kimefungwa bandeji. Shemeji akasimama na kitambaa chake mkononi.

— Shikamoo mwalimu. Kaka, shikamoo. Habari zenu.

— Marahaba, tulijibu, Tani Moja akasogea mpaka ukingoni. Karibu, sista, kaa.

— Sikai. Nimekuja kuiona kabla haijaondoka.

Aliweka mkono juu ya kiti cha nyuma, akauacha hapo. Baba mkwe wake ndiye aliyempeleka kazini siku ya kwanza, kwenye kiti hicho hicho, naye akashuka na viatu vyeupe visivyo na doa. Mimi nilidhani alikuwa na hasira na ile pikipiki. Kumbe alikuwa anaiogopa, na alikuwa anaisikitikia pia.

Tukaona tumtoe wasiwasi. Tulianza kueleza wote kwa pamoja: shokapu, mafuta, soli ya kiatu, inchi mbili na robo, msiba. Alisikiliza mpaka tukaishiwa pumzi, kichwa kimeinama kidogo upande. Halafu akauliza:

— Lini ilikuwa nzima mara ya mwisho?

Fundi alimtazama Rula. Rula akaitazama chaki yake.

— Mtu akija kwangu mikono inamtetemeka, mdogo wangu alisema, simtafutii kamba ya kumfunga mikono. Namuuliza ilianza lini, na kabla ya hapo kulitokea nini. Nyie mmekaa hapa tangu Ijumaa. Hakuna aliyeuliza?

Hakuna aliyeuliza. Siku nne, birika kumi na mbili za kahawa, na hakuna.

— Baba hakuwahi kulalamika, Shemeji alisema akiwaza. Na mimi nimeiendesha mwaka mzima, safi. Wiki tatu nyuma nilikwenda nayo kwa shangazi na kurudi, njia nzima nimeshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine nakula karanga.

— Tutaongea nyumbani kuhusu karanga. Halafu?

— Halafu nikaileta hapa kwa Fundi, aifungue usukani, azitie grisi zile beringi za ndani. Baada ya hapo ndiyo ikaanza, kidogo kidogo. Nikadhani ni barabara.

— Uliileta siku gani?

— Jumanne.

— Jumanne ile niliyovunja benchi, Tani Moja alisema, akifurahi kwamba naye ana la kuchangia.

Niliiona Jumanne ile yote. Usukani wa Shemeji umefunguliwa, nati na washa zake, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, zimepangwa juu ya kadibodi pembeni ya benchi. Fundi ameingia ndani kutafuta grisi. Mimi nimepiga magoti na boliti ya mguu wa benchi, tundu limepanuka, natafuta kitu kinene cha kubania. Na pale kwenye kadibodi, washa moja nene, safi, saizi yenyewe. Rula akasema chukua hiyo, nikaichukua. Nusu saa baadaye walikuwa wananisifia.

Nilipeleka kikombe mdomoni. Kilikuwa kitupu. Nitasema kweli: kwa muda wa kumeza mate mara mbili nilifikiri kunyamaza. Mtu wa saa kumi angekuja, pikipiki ingeondoka, na benchi lingebaki imara. Halafu nikaiona ile bandeji.

— Inukeni, nilisema.

— Kuna nini?

— Inukeni wote. Fundi, nipe spana.

Nililala chini ya benchi langu mwenyewe, nikaifungua ile boliti. Washa ilidondoka kwenye kiganja changu. Nilimpa Fundi bila kusema kitu. Aliizungusha kwa kidole gumba, akaitazama pikipiki, na uso ukambadilika. Akachuchumaa, akafungua nati kubwa ya usukani, akaingiza kidole.

— Yesalaam, alisema. Nati ilifika mwisho wa uzi kabla ya kubana. Mimi nilisikia imekaza, nikajua imekaza. Kumbe chini yake kuna nafasi, usukani unacheza. Na mimi nilikuwa nafunga shokapu juu yake! Ingetulia mwezi mmoja, miwili, huku nati inazidi kulegea, na hakuna ambaye angejua mpaka...

Aliweka spana chini.

— Niliichukua mimi, nilimwambia mdogo wangu. Kwenye kadibodi. Nilidhani imezagaa tu.

— Mimi ndiye niliyemwambia achukue hiyo, Rula alisema, akiweka chaki mfukoni.

— Mimi niliyefunga sikuhesabu, Fundi alisema.

— Mimi ndiye niliyevunja benchi, Tani Moja alisema.

— Na mimi ndiye niliyeanguka, mdogo wangu alisema.

Nimemlea yule mtoto. Nimembeba mgongoni kuvuka mitaro.

— Nisamehe, mdogo wangu. Ningekuua kwa ajili ya benchi.

Alichukua ile washa mkononi mwa Fundi, akaigeuza, akamrudishia.

— Ulinyamaza kidogo, nimekuona, alisema. Lakini umesema. Haya, irudisheni mahali pake.

Fundi aliirudisha. Safari hii alihesabu kwa sauti, kipande kimoja kimoja, na Rula akarudia kila namba nyuma yake. Shemeji alikwenda peke yake kwanza, mteremkoni. Sisi tulisimama barabarani tukisikiliza mlio ukishuka, ukififia, halafu kimya. Mdogo wangu alinishika mkono bila kunitazama. Halafu mlio ukaanza kupanda tena, taratibu, dug dug dug, na Shemeji akatokea amekaa wima, ule mkono wa kukazia ameulegeza kabisa, machozi yanamtoka na meno yote nje.

— Imetulia! alipaza sauti. Imetulia kama ya baba!

Niliegemea ukuta wa gereji, nikajipaka chaki ya Rula bega zima. Tani Moja alimkumbatia Fundi mpaka Fundi akaomba msaada.

— Mpigie yule mtu wa saa kumi, mdogo wangu alimwambia mumewe.

— Nimwambie nini?

— Mwambie mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Mdogo wangu alivaa helmeti, akaifunga vizuri, akapanda nyuma kwa uangalifu kwa sababu ya kiwiko. Shemeji aliligonga tangi kidogo kwa kiganja.

— Twende mama, alisema.

— Unamwambia nani?

— Wote wawili.

Walipoondoka, Fundi aliinua kadibodi lake la nati, akaliingiza ndani, akalifungia kabatini huku akinitazama. Sikumlaumu. Niliirudisha boliti ya benchi bila washa, tukakaa. Benchi likainama upande wa Tani Moja, likarudi upande wa Rula, na kahawa ya moto niliyokuwa nimemiminiwa wakati huo huo ikanimwagikia mapajani. Hakuna aliyelalamika. Kule mteremkoni pikipiki ilikuwa inashuka, na juu ya mlio wake tulimsikia mdogo wangu anacheka.