Mama Chupa na Hori Lililogeuka Kijani

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupima maji ya mji huu, mkuu wa maabara yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wasifu wake nilikuwa nimeshaumaliza wiki iliyopita, mtamu kweli kweli. Nimeuchana. Baada ya yaliyotokea Jumanne, ningeusoma kwa uso gani?

Kwa wageni wasiomjua: aliajiriwa akiwa msichana mwembamba, mkemia pekee wa kike katika jengo zima, na hakukawia kubandikwa jina la Mama Chupa, kwa sababu haendi popote bila chupa ya sampuli. Kwenye friji ya nyumbani kwake, maji ya kunywa yana kifuniko cha bluu na maji ya hori, mkono wa bahari unaoingia hapa mjini, yana cheusi. Sheria hiyo aliitunga mumewe, siku moja baada ya kupiga funda ambalo hajalisahau mpaka leo.

Kazi yake kubwa ilikuwa nitrojeni. Alitufundisha kwamba damu, mkojo na mabaki ya chakula vikifika majini hutoa amonia, vijidudu huigeuza kuwa nitrati, na matope ya mikoko, yakiachwa yafanye kazi yake, huirudisha nitrojeni hewani bila madhara. Ikizidi, mwani hushamiri, oksijeni huisha, na samaki huelea matumbo juu. Wawekezaji waliotaka kufukia mikoko aliwaingiza kwenye tope hadi magotini, akawaeleza hayo hapo hapo. Mmoja aliacha kiatu huko. Mikoko ipo.

Kwa miaka mitatu amonia katika kona ya hori, hapa chini ya madirisha yetu, ilikataa kushuka. Sote tulishamjua mchawi wetu: machinjio ya jirani. Walichimba mabwawa ya kuchuja maji, tukasema wanatuzuga. Ripoti ya kufunga machinjio ilikuwa tayari, jina la Mama Chupa likiwa la kwanza, na mkurugenzi alishamwahidi mkataba wa ushauri ripoti ikipita. Wachinjaji na wapakiaji walishaanza kuulizana wataenda wapi na watoto.

Lakini Mama hasaini kitu kabla ya kumwaga rangi kwenye mabomba aone inatokea wapi. Alianza na machinjio: rangi nyekundu iliishia bwawani, na maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa na amonia kiduchu. Tulidhani amemaliza. Akasema zamu yetu nayo ifike. Jumanne asubuhi aliingia choo cha wafanyakazi, akamwaga rangi ya kijani, akavuta maji, akaenda kusimama dirishani.

Chai ilikuwa haijapoa. Dereva wetu ndiye aliyepiga kelele kutoka ukingoni: "Jamani, njooni muone! Hori limekuwa kijani!"

Ndugu zangu, tulipigwa na butwaa. Bomba tuliloambiwa limeungwa kwenye mfumo wa majitaka wa mji tangu jengo likarabatiwe lilikuwa linamwaga moja kwa moja chini ya mikoko. Sisi! Wapima maji! Mhasibu alikaa sakafuni na sketi yake nzuri. Mkurugenzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka msalani, tishu ikiwa bado mkononi, akamwomba Mama kwa sauti ya chini asubiri kwanza sherehe hii ipite.

"Watu wafukuzwe kazi kwa ajili ya choo chetu, bosi wangu?" Mama akamjibu. "Nisubiri nini?"

Siku hiyo hiyo aliiandika ripoti upya. Jina lake bado ni la kwanza, na mchafuzi anayetajwa ndani yake ni sisi. Mkataba wa ushauri hakuna anayeuzungumzia tena. Jana msimamizi wa machinjio alifika getini. Tulijua amekuja kutuzomea, na ilikuwa haki yake. Alimuulizia Mama, akamshika mikono yote miwili kumshukuru.

Wageni mtuwie radhi: vyoo vimefungwa hadi bomba litakapoungwa. Mama Chupa, asante kwa yote, hata kwa aibu hii. Nenda kwa mzee na wajukuu, maisha yako yawe mema na marefu. Wewe pumzika. Uchafu tutausafisha sisi, maana ni wetu.